NDANI YA SIGARA YA UMEME MNA NINI?

Somo kwa vijana na wazazi

(Somo hili lisomwe pamoja, katika kikundi au nyumbani. Mmoja asome mafungu, wengine wajibu maswali yaliyo mwisho wa kila sehemu.)



1. Sheria ya kanisa letu juu ya tumbako inajulikana tangu wakati wa wazee: mtu asivute, asinuse, asitafune. Lakini miaka hii vijana wametuletea swali ambalo wazee hawakuulizwa. Wanatuonyesha kijiti cha rangi nzuri, chenye harufu ya maembe au ya bomboni, na wanasema: « Hii si sigara. Haina jani la tumbako, haina moto, haina majivu. Ni mvuke wa maji tu. Basi sheria inatuhusu namna gani? »

2. Swali hili si la kucheka, wala si la kujibiwa kwa hasira. Mzazi anayegomba bila kujua kilichomo ndani ya kile kijiti, mtoto wake atamshinda kwa maneno mawili. Kwa hiyo tuanze kwa kujifunza. Tufungue kijiti, tutazame kitu kimoja kimoja, kisha tutajibu.

I. KIFAA NA KAZI YAKE

3. Sigara ya umeme, ambayo vijana wanaiita « vape » au « puff », ina sehemu nne: batiri, waya mdogo uliozungushwa, pamba, na maji yenye dawa. Pamba inanyonya maji. Mtu akivuta, batiri inapasha waya moto, na maji yaliyo katika pamba yanageuka ukungu. Ukungu huo unaingia kinywani na kushuka mpaka katika mapafu.

4. Kifaa cha namna hii kama tunavyokijua leo kilitengenezwa katika China mwaka 2003 na mtu aitwaye Hon Lik, mtaalamu wa dawa ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji na alitafuta njia ya kuacha sigara. Baada ya miaka michache kilifika Ulaya na Marekani, na sasa kinafika hata katika miji yetu, kwa njia ya wachuuzi na kwa njia ya wandugu wanaorudi kutoka ng’ambo. Tukumbuke jambo hili: kilifikiriwa kwa ajili ya mtu mzima aliyekwisha kufungwa na sigara. Hakikufikiriwa kwa ajili ya mtoto wa shule ambaye hajavuta hata siku moja.

5. Je, ni mvuke wa maji? Hapana. Mama akifunua sufuria ya maharagwe, kinachopanda ni mvuke wa maji, na kinapotea upesi. Ukungu wa kijiti ni matone madogo sana ya vitu vingine, na maji safi ni sehemu ndogo ndani yake. Ndiyo sababu ukungu ule ni mzito, una harufu, na unabaki hewani.

Maswali: Sehemu nne za kifaa ni zipi? Kwa nini si kweli kusema kwamba ni mvuke wa maji tu?

II. VITU VIWILI VINAVYOJAZA CHUPA

6. Ukisoma etiketi ya chupa utaona mara nyingi herufi PG na VG, na hesabu kama 50/50 au 30/70. Herufi hizi ni majina ya vitu viwili vinavyojaza karibu chupa nzima. Vingine vyote vimeyeyushwa ndani ya hivi viwili.

7. PG ni propileni glikoli. Ni maji maangavu, yasiyo na harufu, na kwa kawaida hutengenezwa katika viwanda kutokana na mafuta ya petroli. Yanayeyusha dawa na harufu vizuri sana, ndiyo maana yanatumiwa katika siropo, katika dawa za kupaka, na katika vyakula vya viwandani. Tena ukungu unaotupwa jukwaani wakati wa michezo na muziki mara nyingi unatoka kwake. Tabia yake ni kuvuta maji: kwa hiyo anayevuta PG nyingi anasikia koo limekauka, na mara nyingine linawasha.

8. VG ni gliserini ya mimea. Hii hatuijui kwa jina tu. Mama zetu wengi wanapaka gliserini katika ngozi wakati wa kiangazi. Na wale wanaopika sabuni nyumbani wanaitengeneza bila kuiona: soda kali ikikutana na mawese, mafuta yanagawanyika, sehemu moja inakuwa sabuni, sehemu nyingine inakuwa gliserini. Viwanda vikubwa vinaitenga na kuiuza, kutoka mafuta ya mawese, ya soya na ya nazi. Ni nzito, ina utamu kidogo, na ndiyo inayofanya wingu kubwa jeupe ambalo vijana wanalipenda.

9. Hapa ndipo vijana wanapotuambia: « Basi ni vitu vya chakula na vya kupaka, hatari iko wapi? » Tujibu kwa utaratibu. Ni kweli kwamba vitu hivi viwili vikiwa safi havina madhara makubwa kwa mtu anayekula kidogo. Lakini njia ya tumbo si njia ya mapafu. Chakula kinapita tumboni na katika ini, mahali ambapo mwili unachambua na kutupa. Mapafu hayana kazi hiyo. Kuta zake za ndani ni nyembamba sana, kusudi hewa ipite upesi mpaka katika damu. Mafuta ya mawese ni mema katika sombe, lakini hakuna mama anayeyatia katika pua ya mtoto. Kibali cha kula kitu si kibali cha kukivuta.

Maswali: PG inatoka wapi, na VG inatoka wapi? Kuna tofauti gani kati ya kula kitu na kukivuta?

III. NIKOTINI

10. Kitu cha tatu ni kidogo kwa kipimo, lakini ndicho kinachomrudisha mtu kila siku. Jina lake nikotini limetoka kwa Jean Nicot, mjumbe wa Ufaransa katika Ureno, ambaye mwaka 1560 alituma tumbako katika nyumba ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1828 wataalamu wawili wa Ujerumani walifaulu kuitenga na jani. Mmea unaitengeneza kwa kujilinda na wadudu, na kwa miaka mingi wakulima waliitumia kama sumu ya kuua wadudu mashambani.

11. Nikotini nyingi inayotiwa katika chupa hizi imekamuliwa kutoka jani la tumbako. Viwanda vingine vinaitengeneza bila jani, na vinaandika « bila tumbako » juu ya kopo. Lakini kitu ni kilekile, na mwili hauulizi kilizaliwa shambani au kiwandani. Mtu akivuta, baada ya sekunde chache nikotini imefika katika ubongo. Inampa raha kidogo, kisha raha inaondoka, na ubongo unaidai tena. Hiyo ndiyo kamba. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, kwa hiyo kamba hii inamshika upesi kuliko mtu mzima, na inagusa akili ya kukaza masomo na kutawala hasira. Kwa mama mwenye mimba, nikotini inapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni na kumdhuru.

12. Sasa hesabu. Nikotini inapimwa kwa miligramu katika mililita moja. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2014, zilikataza kupita miligramu 20 kwa mililita. Kijiti kidogo cha mililita 2 chenye kipimo hicho kina miligramu 40. Mvutaji wa sigara ya kawaida anapata miligramu 1 au 2 hivi kwa sigara moja. Ndiyo sababu watu wanalinganisha kijiti kimoja kidogo na pakiti nzima. Na mahali pasipo na mpaka huo, vinauzwa vijiti vya miligramu 50 kwa mililita, tena vikubwa. Kijiti cha mililita 10 cha namna hiyo kina miligramu 500. Anayenunua anaona picha ya tunda, haoni hesabu hii.

13. Mtu atauliza: nikotini nyingi hivyo haiwashi koo? Zamani iliwasha, na kule kuwasha kulikuwa kama mlinzi mlangoni. Lakini viwanda vilijifunza kuichanganya na asidi, hasa asidi ya benzoiki, ikawa ile inayoitwa chumvi ya nikotini. Hiyo ni laini kooni. Kijana anavuta nyingi bila kukohoa, na kwa kuwa hakohoi anafikiri ni kitu chepesi.

Maswali: Maneno « bila tumbako » yana maana gani? Kijiti cha mililita 5 chenye miligramu 20 kwa mililita kina nikotini ngapi? Fanyeni hesabu pamoja.

IV. HARUFU, UTAMU NA BARIDI

14. Kitu cha nne ni harufu: maembe, nanasi, maziwa, mdalasini, kahawa, bomboni. Harufu hizi zinatengenezwa kwa kemia, na chupa moja inaweza kuwa na nyingi pamoja. Nyingi zimeruhusiwa katika biskuti na vinywaji, kwa kula. Ni chache zilizopimwa kwa kuvutwa.

15. Tutoe mfano mmoja unaojulikana. Kuna kitu kinachoitwa diasetili, kinachotoa harufu ya siagi. Katika mji wa Jasper, jimbo la Missouri, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha mahindi ya kupasuka, yale yanayoitwa bisi. Mwaka 2000 iligunduliwa kwamba watu wanane waliofanya kazi humo walikuwa na ugonjwa mkali wa mapafu: vijia vidogo vya hewa vimejaa kovu na kuziba, na kovu halirudi nyuma. Walikuwa wamevuta hewa yenye harufu hiyo ya siagi. Wale waliokula bisi nyumbani hawakupata ugonjwa, waliokuwa wakiivuta kazini ndio walioupata. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha Harvard walipima harufu 51 za sigara za umeme, wakakuta diasetili katika 39. Hatusemi kwamba kila anayevuta kijiti atapata ugonjwa ule. Tunasema kwamba harufu nzuri si ushahidi wa wema.

16. Pamoja na harufu wanatia sukari ya kemia, kama sukralozi, kusudi ulimi upende. Tena wanatia vitu vya kuleta baridi: mentoli, au vingine vinavyotoa baridi bila harufu ya menta. Kijiti kilichoandikwa « ice » ni cha namna hii. Baridi hiyo haiponyi koo. Inalituliza tu lisilalamike, na mtu anavuta zaidi.

Maswali: Mfano wa kiwanda cha bisi unatufundisha nini? Kwa nini wanatia baridi?

V. KINACHOZALIWA NA MOTO

17. Mpaka hapa tumetazama vitu vinavyotiwa katika chupa. Lakini kuna vingine ambavyo havikuandikwa kwenye etiketi, kwa sababu vinazaliwa wakati waya unapopata moto. Kila mama anajua harufu kali ya mafuta yaliyoungua katika kikaango, ile inayochoma macho. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa akroleini. Gliserini ikipata moto kupita kiasi inatoa akroleini vilevile. PG na VG zinaweza pia kutoa formaldehidi, ambayo tunaijua kwa sababu maiti zinahifadhiwa nayo, na ambayo inaleta kansa. Moto ukiwa mdogo vitu hivi ni vichache. Pamba ikikauka na waya ukiwaka sana, vinaongezeka.

18. Waya wenyewe ni wa metali. Wapimaji wamekuta katika ukungu chembe za nikeli, za kromi na hata za risasi, zilizotoka kwenye waya na viungo vyake. Mtu anayefanya kazi na metali katika mgodi au katika kiwanda anajua vema kwamba vumbi lake si la kuvuta.

VI. CHUPA ISIYO NA UKOO

19. Sasa tuseme juu ya usafi wa dawa, maana kwetu hili ndilo linaloweza kuua upesi. PG na gliserini zina ndugu zao wabaya: etileni glikoli na dietileni glikoli. Zinafanana kwa macho, ni rahisi kwa bei, na zinaua figo. Mwaka 1937 katika Marekani siropo iliyotengenezwa kwa dietileni glikoli iliua watu zaidi ya 100. Na mwaka 2022 katika Gambia watoto karibu 70 walikufa kwa figo, na siropo za kikohozi zilizokuwa na sumu hizo ndizo zilizohusishwa na vifo vyao. Hizo zilikuwa dawa, zenye etiketi na muhuri. Itakuwaje basi kwa chupa iliyojazwa mahali pasipojulikana na kuuzwa kando ya barabara?

20. Hofu hii si ya bure. Mwaka 2009 idara ya dawa ya Marekani ilipima vibweta 18 vya sigara za umeme. Kimoja kilikuwa na dietileni glikoli. Na katika vile vilivyoandikwa kwamba havina nikotini, vyote isipokuwa kimoja vilikuwa nayo kidogo. Kwa hiyo kijana anayesema « yangu ni sifuri » anasema kile kilichoandikwa, si kile kilichopimwa.

21. Tena kuna wanaotia katika kijiti mafuta ya bangi. Mwaka 2019 katika Marekani watu wengi, hasa vijana, walianza kufika hospitalini bila pumzi. Mpaka Februari 2020 walihesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Kilichoshutumiwa zaidi ni vitamini E asetati, mafuta yaliyotiwa kufanya mafuta ya bangi yawe mazito. Vitamini hiyohiyo watu wanaimeza katika vidonge na kuipaka usoni bila shida. Katika mapafu iliua. Tunarudi palepale: njia ya tumbo si njia ya mapafu.

Maswali: Kwa nini etiketi peke yake haitoshi? Gambia inatufundisha nini?

VII. TULIJIBU SASA LILE SWALI

22. Tuseme haki yote, kwa maana mwalimu anayeficha nusu haaminiwi. Sigara ya kawaida inaunguza jani, na moshi wake una maelfu ya vitu, pamoja na lami na gesi ya makaa. Kijiti hakiunguzi jani. Kwa hiyo wataalamu wengi, kwa mfano wa Uingereza, wanasema kwamba mvutaji wa miaka mingi akiacha sigara kabisa na kushika kijiti, amepunguza hatari. Lakini kupunguza hatari ni neno la mtu aliye tayari katika hatari. Yeye ameshuka kutoka gorofa ya kumi mpaka ya tatu. Kijana asiyevuta yuko chini, uwanjani. Kwake kijiti si kushuka, ni kupanda.

23. Wala nchi hazikukaa kimya. Uganda, jirani yetu, ilikataza sigara za umeme kwa sheria yake ya tumbako ya mwaka 2015. Ubelgiji ilikataza kuuza vijiti vya kutupa tangu tarehe 1 Januari 2025, na Ufaransa ilifanya hivyo mwaka huohuo. Mahali vinapofukuzwa, wachuuzi wanatafuta soko lingine. Tusikubali kuwa soko hilo.

24. Basi, vijana wetu mliouliza, jibu ni hili. Mlisema haina jani, na ni kweli. Lakini wazee hawakukataza jani kwa sababu ya rangi yake. Walikataza kwa sababu linamfunga mtu na kuharibu mwili aliopewa. Kile kinachofunga katika jani ndicho kilichotolewa, kikatiwa katika chupa, kikapewa harufu ya maembe. Jina limebadilika, kamba ni ileile. Sheria inawahusu.

VIII. MASHAURI KWA NYUMBA ZETU

25. Kwa wazazi: msimpige mtoto mliyemkuta na kijiti, wala msimtangaze mbele ya watu. Mketishe, someni somo hili pamoja, mmwulize alikipata wapi na anavuta mara ngapi. Ikiwa anapata hasira, kichwa kuuma na kukosa usingizi akikosa kuvuta, mjue nikotini imekwisha kumshika. Mahangaiko hayo ni makali zaidi katika siku za kwanza, kisha yanapungua kwa majuma machache. Siku hizo asiachwe peke yake, na msaada wa muuguzi ukitakiwa, uombwe bila haya.

26. Kwa wenye watoto wadogo: chupa ya harufu ya bomboni ni mtego. Mwaka 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa kwa kumeza maji haya ya nikotini. Dalili za sumu ni kutapika, mate mengi, jasho, ngozi kupauka, moyo kwenda mbio, kisha degedege. Mtoto akimeza, msimlazimishe kutapika, msimpe mawese wala maziwa. Mkimbizeni hospitali na chupa mkononi, kusudi mganga aione. Yakimwagika katika ngozi, vueni nguo zilizolowa na mwoshe kwa maji mengi, maana nikotini inapita hata katika ngozi.

27. Kwa wandugu walio Ulaya wanaotuma mizigo: tunashukuru kwa viatu, vitabu na dawa. Vijiti hivi msivitie katika mzigo, hata kama kijana ameviomba kwa maneno matamu.

28. Kwa wale waliokwisha kushikwa: kanisa halina mlango wa kuwafukuza kwa jambo hili, lina mlango wa kuingia. Mashemasi wa kila parokia wako tayari kuwasikiliza kwa siri. Njooni mapema, kabla kamba haijakaza.

Maswali ya mwisho: Ndani ya kijiti mna vitu gani vinne? Ni vipi vinavyozaliwa na moto? Katika mtaa wetu vijiti hivi vinauzwa wapi, na sisi tutafanya nini kabla ya somo lijalo? Kila kikundi kiandike majibu na kuyaleta.

Amani ikae nanyi.